Silabi Iliyomezwa na Redio

Kapteni Songoro aliishi ndani ya banda la ndege, na ukisikia hivyo usikimbilie kumhurumia kabla hujauliza ni ndege gani. Lilikuwa banda la bati, refu na pana, la kulaza ndege sita za kivita. Siku hizi ilibaki moja tu, ile yake, na magurudumu yake yalikuwa yamezikwa kwenye zege mpaka nusu ili wageni waizunguke na kuipapasa bila wasiwasi kwamba itaondoka. Chini ya bawa la kushoto palikuwa na kitanda cha Kapteni, kabati la Kapteni na birika la chai la Kapteni. Mlango ulikuwa wazi saa zote. Hakuna aliyemfungia. Yeye alikuwa shujaa, basi, na shujaa wa nchi ile hakuruhusiwa kuruka tena, asije akaanguka, wala kutoka nje ya kambi, asije akaonekana anachagua nyanya sokoni kama watu wengine.

Kifuani alikuwa na nishani. Ukubwa wake ulikuwa wa kisahani cha chai, shaba tupu, na mabawa tisa yakiizunguka. Pini yake waliipinda kwa koleo kwa ndani ili isichomoke, kwa hiyo koti nalo halikuvuliwa, na Kapteni alilala chali miaka yote hiyo, kama ilikuwa miaka.

Kama ilikuwa miaka, maana hilo nalo lilikuwa na utata. Saa kubwa ya getini ilisimamishwa kwa amri, saa nne na dakika tisa asubuhi, dakika ile ya ushujaa, na tangu hapo kambi nzima ilianza siku pale na kuimalizia pale pale. Askari walizeeka usoni lakini vyeo vyao havikuzeeka. Vita viliendelea, ila hakuna aliyeweza kusema vimeanza lini, maana ukiuliza unajibiwa, "Asubuhi ile." Na Kapteni mwenyewe, akijitazama kwenye kioo cha ndege yake, mara aliona kijana wa miaka ishirini na mitano, mara aliona mzee mwenye kidevu cheupe, na wote wawili walikuwa wamevaa koti moja.

Kila ifikapo dakika ile, spika za kambi zilitoa kanda, na watu wote walisimama wima kuisikiliza. Ilikuwa sauti ya Songoro, ikitoka angani juu ya ziwa:

"Kiota, Kiota, hapa Songoro. Ndege tisa... meanguka."

Kiota ni jina la kambi hewani. Na pale kati, kabla ya "meanguka", palikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali sufuriani. Mkwaruzo huo ndio uliomeza silabi moja, na ndani ya silabi hiyo ndimo Kapteni Songoro alimokuwa akiishi. Banda lilikuwa la kulalia tu.

Ngoja nilinyooshe hili, maana bila hili hakuna hadithi. Ndege wa manyoya huanguka hivi: wameanguka. Ndege za bati huanguka hivi: zimeanguka. Wa na zi, basi. Mtoto wa darasa la pili anajua. Hata ukihesabu, hesabu yenyewe hukusaidia: ndege wawili ni hai, ndege mbili ni chuma. Lakini tisa! Tisa haijali. Tisa ni tisa, ya kuku na ya vijiko. Songoro angeangusha wanane au nane, ukweli ungetoka wenyewe mdomoni. Aliangusha tisa, redio ikakohoa pale pale penye silabi, na nchi nzima ikaingia katika pengo hilo na bendera zake.

Alisema wameanguka. Walikuwa korongo, wale weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, wanaokuja kila mwaka kutoka mbali bila kumuomba mtu ruhusa. Alitumwa kuchungulia upande wa pili wa ziwa, akatoka ndani ya wingu, akaona mstari mweupe unamjia. Akaogopa. Akafumba macho na kubana kifyatulio mpaka risasi zikamwishia, na alipofumbua macho alikuwa katikati yao, kioo kimejaa damu, na miguu mirefu inapita huku na huku ikielekea chini. Akawahesabu wakianguka. Aliripoti kama mtu anavyoripoti kwamba amegonga mbuzi wa jirani, na sauti yenyewe ilikuwa ya kilio. Alipotua, bendi ilikuwa inapiga.

Usiseme hakujaribu. Siku ile ile alimshika mkono Mkuu wa Kambi akamwambia, "Mkuu, walikuwa ndege."

"Zilikuwa," Mkuu akamsahihisha, akitabasamu. "Umechoka, Kapteni. Umekosea ngeli."

Watu wakacheka kwa upendo. Kesho yake alikosea ngeli tena, na keshokutwa, na mbele ya wageni waheshimiwa, mpaka ikawa aibu. Hapo Ofisi ya Ulimi, ambayo kazi yake ni kuhakikisha watu wanasema vizuri, ikakaa kikao. Haikuwezekana shujaa awe anakosea. Kwa hiyo lugha ndiyo ilikuwa inakosea. Ikatoka sheria: kuanzia asubuhi ile, kila ndege ni hai. Ndege ya bati ataitwa huyu. Akiruka, ameruka. Watoto walichapwa viganja kwa kusema "ndege hii", na wazee waliozoea vibaya wakaacha kabisa kutaja ndege, wakawa wanaonyesha juu kwa kidole. Mimi ninayesimulia nitaendelea kusema zi kwa za bati na wa kwa wale wenye damu, na wanaotaka kunikamata wanajua ninapopatikana.

Songoro siku hiyo alihisi mlango wa kwanza unafungwa. Alichokuwa anasema ni kweli, na sasa kila mtu alikuwa anakisema pamoja naye, na hakikuwa na maana tena. Akatafuta maneno mengine akayakuta yameshachukuliwa. Mayai yalikuwa mabomu. Manyoya yalikuwa zile karatasi za vitisho ambazo adui alizimwaga juu ya miji. Hata korongo, jina lenyewe, lilikuwa limepewa aina ya ndege za adui. Vita vilikuwa vimepita kwa ndege wa Mungu na kuwanyang'anya kila kitu, na Kapteni akitaka kukiri dhambi yake alionekana anatunga shairi.

*Mimi ni nani? Nikisema mimi ni mwongo, nani amesema uongo? Mimi sikusema. Redio haikusema. Mkwaruzo hausemi. Basi shujaa huyu amezaliwa na nani? Nimeisikiliza kanda mara nyingi kuliko nilivyosikia sauti ya mama yangu. Kuna siku nasikia wa. Kuna siku nasikia zi, waziwazi kabisa, na siku hizo ndizo ninazoziogopa, maana siku hizo nalala vizuri.*

Asubuhi tunayoisimulia, kanda ilikuwa bado haijapigwa. Kapteni alikuwa anachemsha chai chini ya bawa alipomsikia mtu anabisha kwenye bati, ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Hodi, afande."

"Karibu."

Alikuwa Luteni Nyanzala, rubani mdogo kuliko wote kambini na pekee aliyezoea kumtembelea bila kupiga picha. Mfuko wake wa suruali ulikuwa na karanga siku zote, akitembea zinasikika. Leo alikuwa amefumua nywele zake, zimelala, ili kofia ya kurukia ipate kukaa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevaa hivyo?"

"Wanakuja tisa. Wameonekana ng'ambo ya ziwa, wamepanga mstari. Mkuu amenichagua mimi."

"Wewe na nani?"

Nyanzala akamtazama kama anayemtazama mwalimu aliyesahau somo lake mwenyewe. "Mimi peke yangu, afande. Mmoja kwa tisa. Si ndivyo ulivyofanya wewe? Si ndiyo Fundisho la Songoro?"

Birika lilianza kuimba, na Kapteni hakulitoa. Kwa mara ya kwanza ule uongo aliokuwa anaishi ndani yake ulikuwa umepata uzito wa mtu, kilo hamsini na kitu, mwenye mama mjini na pengo la jino upande wa kushoto. Kwenye kitabu cha mafunzo ya vijana aliwahi kulisoma lile fundisho na kulichukulia kama yale mambo ya vitabuni. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna siku litavaa kofia na kuja kumuaga.

"Nyanzala, nisikilize. Wale walikuwa ndege."

"Ndiyo, afande."

"Ndege kweli kweli."

"Najua. Ndiyo maana tunakuheshimu."

"Walikuwa na manyoya, mwanangu!"

Nyanzala akatoa kidaftari haraka. "Kumbe walimwaga manyoya kwanza? Hilo kitabuni halimo." Akaandika. Kisha akakifunga kidaftari, na sauti yake ikashuka. "Afande, nikuulize kitu kimoja, usimwambie mtu. Sikulala. Naogopa mpaka magoti. Wale tisa, walikupiga risasi?"

"Hapana," akasema Songoro. "Hata moja."

"Hata moja!" Akacheka, pengo likaonekana. "Basi walikuogopa. Walikuona uko peke yako, wakaona huyu si bure. Afande, umenitua mzigo."

Kapteni akaiona hofu inaondoka kwenye uso wa yule binti. Na hapa nitasema jambo ambalo wanaomtetea huliruka. Maneno ya ndege yote yalikuwa yamechukuliwa, sawa. Lakini yalikuwepo maneno mawili ambayo hayakuhusu ndege hata kidogo, wala ngeli, wala Ofisi ya Ulimi haikuwahi kuyagusa: nilifumba macho. Yalikuwa mdomoni mwake, yamefika kwenye meno. Angeyasema, Nyanzala angeelewa papo hapo, hata mtoto angeelewa. Lakini yule binti alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hakuna aliyewahi kumtazama nayo, si macho ya kutazama sanamu, bali ya kumtazama mtu aliyemsaidia. Kapteni akataka yabaki hivyo dakika moja zaidi. Redio ilimeza silabi moja. Songoro alimeza maneno mawili.

King'ora kikalia. Nyanzala akachota karanga mfukoni, akamtilia kiganjani na kumfumba vidole kwa mkono wake mwenyewe.

"Nishikie hizi, afande. Nikirudi tutazimalizia."

Akakimbia. Kapteni akabaki amesimama na ngumi yake, chai ikimwagika juu ya jiko. Akasikia injini ikiwaka, ikikohoa, ikikubali. Aliijua ile sauti kama mtu anavyojua mlango wa kwao, na alijua pia kwamba kutoka kuwaka mpaka kuacha ardhi kuna muda wa kusema maneno mawili mara nyingi sana. Miguu ilikataa. Nishani ilimvuta mbele. Ndege ilipokwisha kupita juu ya banda na bati likatetemeka, ndipo alipoanza kukimbia.

Chumba cha mawasiliano kilikuwa mwisho wa kambi. Njiani askari walipiga saluti kwanza kwa sanamu yake iliyosimamishwa pale kambini, kisha kwake, na mmoja akamuuliza mwenzake, "Yupi ni yupi?" Ndani alikaa Bi Tausi, yule yule aliyeipokea ripoti asubuhi ile, visikizi masikioni, daftari la matukio mbele yake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye subira, na hakuna aliyewahi kumsikia akiongea zaidi ya kazi.

"Mwite arudi," Kapteni akasema, pumzi zimemwishia. "Bi Tausi, nakuomba. Mimi siku ile nilisema—"

"Ulisema wa," Bi Tausi akamkatiza, bila kugeuka. "Nilikusikia vizuri. Ulikuwa unalia."

Kapteni akashika ukingo wa meza. "Ulisikia?"

"Mkwaruzo uko kwenye kanda. Kwenye masikio yangu haukuwepo."

"Basi kwa nini hukuandika?"

"Niliacha nafasi, upana wa kidole. Nikasema akitua atakuja aijaze mwenyewe, hili ni neno lake. Nikakungoja na kalamu hii hii." Akamgeukia. "Ulipita hapo dirishani umebebwa mabegani, Kapteni. Ulikuwa unapunga mkono."

Kumbe funguo mbili za mlango mmoja zilikaa kambi moja miaka yote, kila mmoja akimngojea mwenzake. Bi Tausi akamsogezea kipaza sauti.

"Nyanzala. Hapa Songoro. Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri, afande!" Sauti ilikuwa karibu, ina furaha, hakuna hata mkwaruzo mmoja. "Nawaona. Tisa, mstari mmoja, weupe kabisa. Kama ulivyosema."

"Geuza urudi. Mwanangu, wale wangu walikuwa na miguu."

"Sema tena."

"Miguu. Miguu mirefu, inaning'inia. Walikuwa na magoti, Nyanzala. Mimi niliogopa nikafumba macho nikapiga. Sikupigana na mtu. Sijawahi kupigana na mtu. Nilifumba macho."

Hapo ndipo alipoyasema, na yalitoka kirahisi, kama yalikuwa yanangoja tu kuitwa. Bi Tausi alikuwa ameinua kalamu. Kapteni aliona saa ya ukutani, nayo ilisimama kwenye saa nne na dakika tisa kama zote, na akafikiri kwamba pengine dakika hii kweli haina mwisho, pengine wanaweza kubaki humo wote watatu, hakuna kitakachotokea.

"Afande," Nyanzala akasema. Furaha ilikuwa imetoka. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Kwa nini hukuniambia pale bandani?"

"Geuza, mwanangu."

"Nageuza. Zina magurudumu, afande. Hizi zina magurudumu. Zimeni—"

Akasema zi. Kwa mdomo wake, hewani, neno ambalo angechapwa nalo viganja. Kisha ukaja mkwaruzo, ule ule, mrefu, na haukuwa na sauti ya mtu upande wa pili. Bi Tausi alizungusha kitufe kushoto, akakizungusha kulia. Akaendelea kukizungusha muda mrefu baada ya wote wawili kujua.

Mkuu wa Kambi akaingia amekunja uso, amevaa glovu nyeupe za gwaride, maana kanda ilikuwa karibu kupigwa. Wale wa mnara walikuwa wameshamwambia. Za adui, akasema, zimeridhika na kugeuka. Neno "zimeridhika" alilisema hivyo hivyo, kwa zi, na hakushtuka.

"Bi Tausi, andika. Ndege moja imeanguka."

Kapteni akainua kichwa. "Imeanguka?"

"Imeanguka."

"Sheria inasema kila ndege ni hai, Mkuu. Mliiandika kwa ajili yangu."

"Wao wakianguka, wanaanguka," Mkuu akasema kwa upole, kama anamfundisha mtoto. "Ya kwetu ikianguka, imeharibika. Hatutangazi vifo kwa ajili ya chombo kilichoharibika. Kapteni, nenda ukajiandae, watu wanakungoja uwanjani."

Bi Tausi alikuwa ameshaandika neno la kwanza. Kalamu yake ikasimama. Akamtazama Songoro, akasema kwa sauti ya chini, "Hewani kulikuwa na mkwaruzo. Naweza kuacha nafasi."

"Usiache," Songoro akasema.

Karanga zilikuwa bado kwenye ngumi yake ya kushoto, zimelowa jasho. Alichukua kalamu kwa mkono wa kulia. Ilimbidi ainame sana juu ya daftari, na nishani ikagonga meza, na kwa kuwa ilimzuia kuona mstari, aliishika akaivuta mara moja kwa nguvu zote. Pini haikutoka. Kitambaa ndicho kilichochanika, koti likafunguka kifuani, na ile shaba ikabaki imelala mezani na kipande cha nguo yake. Akaandika polepole, herufi za mtu ambaye hajaandika kitu siku nyingi:

*Ndege mmoja ameanguka. Jina lake Nyanzala.*

Nje, spika zilianza kukohoa kabla ya kanda. Mkuu alisogea, akasoma juu ya bega lake, akasoma tena.

"Kapteni," akasema, "umekosea ngeli."

"Hapana, Mkuu. Leo nimepatia."

Bi Tausi akalivuta daftari upande wake na kuupulizia wino ukauke.